Nilipima umeme wa mafundi tisa wa Buyenzi, kisha nikamwacha mzee asiye na kosa abebe lawama yangu

Wakuu, salaam kwenu, mlio kazini na mlioficha simu chini ya meza ya kazi.

Humu wengine mnanijua kwa nyuzi zangu za kuelezea umeme: kwa nini betri ya sola inakufa kabla ya siku zake, kwa nini usichomeke friji na pasi kwenye soketi moja. Leo sikuja kama mwalimu. Nimekuja kusema kitu nilichokifanya, ambacho nimewaficha kwa miezi sasa. Nitasema yote, pamoja na yale ambayo ningependa yabaki kwangu. Nimebadilisha majina tu.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Siku hizi naishi Ngagara na nafundisha uhandisi wa umeme kwenye chuo kimoja mjini. Nasomea pia shahada ya udaktari. Sijaimaliza, lakini mtaani walishanipa cheo kabla ya chuo: wananiita Docteur. Kiswahili cha Buja kikichomoza hapa na pale mtanivumilia.

Utafiti wangu uko kwenye mambo ya nonlinear dynamics na complex networks.

Msikimbie, nitaeleza polepole.

Ukisonga ugali, unaweka konzi ya unga, unakoroga. Unaweka nyingine, unakoroga. Mambo yanakwenda taratibu. Halafu inakuja konzi moja, sawa kabisa na zilizotangulia, ukiiweka tu mwiko unagoma. Konzi ni ile ile ila matokeo siyo yale yale. Hiyo ndiyo nonlinear.

Sasa chukua chupa moja ya soda, itie mirija tisa, kila mrija na mdomo wake. Hakuna anayemgusa mwenzake, lakini kila anayevuta anawagusa wote. Huo ndio mtandao.

Mimi nasomea ile siku ambayo wenye mirija wanakutana na konzi ya mwisho. Kwa umeme, hiyo ndiyo siku mtaa mzima unaingia gizani na hakuna anayejua nani alianza.

Mkiwa pamoja nami mpaka hapo, tuendelee.

Kuna avenue moja Buyenzi yenye karakana tisa za kuchomelea vyuma, zimepangana kama meno. Wanatengeneza mageti, madirisha, vitanda, na yale makasha ya bati ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shuleni. Wote wanakula kwenye waya mmoja unaotoka kwenye transfoma ya pale kona.

Wa mwisho kabisa kwenye waya ni Mzee Rajabu. Mashine yake ya kuchomelea aliisuka mwenyewe kwa mkono, waya wa shaba mzunguko kwa mzunguko, mimi sijazaliwa. Ni kubwa kama mbuzi aliyelala. Kasha langu la bweni alilitengeneza yeye. Jina langu aliliandika kwenye kifuniko kwa matone ya chuma cha moto, na herufi moja imeegea upande kwa sababu umeme ulishuka katikati ya kazi. Kasha hilo ninalo hadi leo.

Umeme wa avenue ile ni dhaifu. Mafundi watatu wanne wakichomelea kwa pamoja, moto unakuwa mlegevu na chuma hakishiki. Kwa hiyo wana desturi yao, ya tangu zamani, wanaiita kuomba moto.

Iko hivi. Fundi akiwa tayari kuchomelea, anagonga meza yake ya chuma kwa nyundo mara mbili. Aliyemaliza kipande chake anamjibu kwa pigo moja: pita. Asipojibiwa, anajua wenzake bado wako ndani ya moto, na anasubiri.

Basi. Hakuna karatasi wala mkutano. Nimekulia kwenye milio hiyo. Nikiwa mdogo niliweza kukwambia nyundo ya nani imegonga bila kuchungulia dirishani.

Na mimi, niliyekulia humo, nilirudi na laptop nikaona tatizo.

Nilifunga kwenye kila karakana kifaa kidogo cha kurekodi umeme, kila sekunde, kwa wiki kadhaa. Data ikaniambia kwamba mafundi wanasubiri zaidi kuliko wanavyochomelea. Ikaniambia pia kwamba volti kule mwisho wa waya zinashuka vibaya. Nikatengeneza modeli, mafundi tisa na mistari inayowaunganisha. Ilikuwa nzuri kuitazama. Mlio wa nyundo haukuwa na mahali ndani yake. Sikuwa na safu yake kwenye jedwali.

Hitimisho langu lilikuwa kwamba kila fundi apewe stabilaiza, kile kisanduku kinachopokea umeme mdogo na kutoa umeme kamili. Mradi wangu ulikuwa na uwezo wa kuvinunua. Nikavileta mwenyewe.

Msemaji wao ni Shabani, karakana ya tatu kutoka kona, mtu wa utani toka asubuhi. Alikizunguka kisanduku chake kama anayechagua mbuzi wa Idi.

"Docteur, hii inatoa mia mbili na ishirini kweli? Hata wakati mzee Rajabu anawasha ile ng'ombe yake?"

"Hata wakati huo."

"Basi mi naoa kasanduku! Bibi atanisamehe."

Wakacheka wote. Mzee Rajabu hakucheka. Alikishika kisanduku chake, akakipima uzito kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Apana, mwanangu. Mi niache hivi."

"Mzee anaogopa," akasema Shabani. "Anafikiri kasanduku katakula shaba yake."

"Siogopi. Nauliza kitu moja tu. Kama kila mutu iko na yake, nani atamusikia mwenzake?"

Wakuu, nilimjibu kwa lile tabasamu la aliyesoma. Nilimwambia, "Mzee, hakutakuwa na haja ya kusikia. Vifaa vitasikia kwa niaba yenu."

Akatikisa kichwa polepole. Akaniruhusu tu niache kile kifaa cha kurekodi. "Haka ka kuandika, kaache. Kuandika hakuna ubaya."

Wiki mbili za kwanza nilikuwa shujaa. Mafundi wanane walichomelea wanavyotaka, muda wanaotaka. Moto mkali, chuma kinashika. Nikipita avenue naitwa ninywe chai kwa wanne watano.

Na nyundo zikanyamaza. Hakuna aliyezikataza. Ziliacha tu, kama mtu anavyoacha fimbo akipona mguu. Aliyebaki anagonga mara mbili ni mzee wa mwisho wa waya, akisubiri mmoja akumbuke kumjibu.

Ikaja Jumatatu moja. Shule fulani ilikuwa imeagiza vitanda vingi na mafundi walikuwa wamegawana kazi. Kama saa nne asubuhi taa za avenue zikafifia, zikawa rangi ya chungwa. Visanduku vikaanza kutetemeka na kulia. Halafu ukasikika mlio mmoja mzito kule kona.

Transfoma.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Watu walikuwa wamejaa barabarani: mafundi, washona nguo, mama mmoja ameshika ndoo ya barafu inayoyeyuka hajui ampelekee nani. Katikati amesimama Mzee Rajabu, nyundo bado mkononi.

"Ni ile ng'ombe yake!" mtu akapaza sauti. "Imekunywa courant yote, umeme yote!"

"Mi sikuwasha," akasema mzee.

"Nani ameona? Kila mutu alikuwa ndani ya maski."

Hilo lilikuwa kweli. Anayechomelea amefunika uso, haoni chochote isipokuwa moto wake.

"Yeye peke yake alikataa kasanduku," akasema mwingine. "Sisi wote tuko na regime moja, mutindo moja, yeye iko na yake."

Shabani akanigeukia. Safari hii hakuwa na utani. "Docteur, we ndiye mwenye elimu. Ni mashine ya mzee?"

Nikasema, "Inawezekana."

Neno moja tu.

Mnaosoma sayansi mtanitetea. Mtasema mtafiti hatakiwi kuhukumu kabla ya data, na "inawezekana" ni neno la tahadhari. Ni kweli. Lakini nililisema nikiwa naangalia viatu vyangu. Tayari nilikuwa nashuku kwamba natakiwa kutazama visanduku vyangu kwanza.

Na watu hawakusikia tahadhari. Walisikia Docteur amekubali.

Alasiri ile ile niliketi ofisini chuoni nikafungua data. Haikunichukua hata saa moja.

Naomba niwaeleze nilichokiona, kwa sababu ndiyo sehemu ya kiufundi, na kwa sababu nikieleza kitu napumua kidogo.

Rudini kwenye soda na mirija. Mashine ya zamani ikikuta umeme umepungua, nayo inavuta kidogo. Ni mnywaji mwenye adabu: soda ikipungua, anapunguza. Stabilaiza haina adabu hiyo. Kazi yake ni kutoa umeme kamili, basi inapopokea umeme mdogo inavuta kwa nguvu zaidi ili ifidie. Ikivuta zaidi, waya mzima unashuka. Jirani yake anaona umeme umeshuka, naye anavuta zaidi. Unashuka tena.

Kisanduku kimoja kwenye avenue ni msaada. Viwili ni msaada. Vinane, siku ambayo wote wanachomelea na hakuna anayemsubiri mwenzake, ni mwiko uliogoma.

Ndiyo kitu chenyewe ninachosomea. Kiko kwenye vitabu vya mwaka wa kwanza wa utafiti wangu. Katika modeli yangu nilichukulia kwamba mafundi wanawasha ovyo, kila mtu kivyake, na kwamba mtandao ulivumilia hivyo miaka yote. Haukuvumilia. Uliokuwa unaushikilia ni nyundo. Nyundo ndizo zilikuwa stabilaiza ya avenue, na mimi nikazinyamazisha.

Halafu nikafungua faili la karakana ya tisa.

Mstari wa Mzee Rajabu ulikuwa umelala chini. Sifuri. Tangu saa moja asubuhi mpaka transfoma inakufa hakuvuta umeme hata sekunde moja.

Nilikaa naangalia ule mstari kwa muda mrefu. Nilielewa kwa nini ni sifuri. Alikuwa amegonga mara mbili, hakujibiwa, akasubiri. Akagonga tena. Wenzake wote walikuwa ndani ya moto na hakuna aliyekuwa anasikiliza nyundo tena. Mtu pekee aliyefuata desturi asubuhi ile ndiye aliyekuwa anabebeshwa kosa.

Sasa wakuu, hapa ndipo penye aibu yenyewe.

Sikumwambia mtu.

Wiki iliyofuata nilitakiwa kuwasilisha matokeo ya mwanzo kwa maprofesa wangu kwa njia ya video, na matokeo yenyewe yalikuwa zile wiki mbili za ushujaa. Nikajiambia nitawasilisha kwanza. Nikajiambia nahitaji kuhakiki. Nikajiambia mengi. Mtu aliyesoma ana uwezo mkubwa wa kujiambia mambo, kila moja lina sababu yake na zote zinaelekea upande mmoja.

Nikawasilisha. Wakanipongeza.

Avenue ilikaa bila umeme wiki kadhaa ikisubiri transfoma. Katika muda huo mafundi wakakubaliana kwamba umeme ukirudi, mashine ya Rajabu isiunganishwe tena. Shabani ndiye aliyetumwa kumwambia. Nasikia mzee alijibu "sawa" tu, akaendelea kufagia karakana.

Ijumaa moja nikakutana naye tukitoka msikitini. Alinishika mkono hakuuachia, kama wazee wanavyofanya.

"Docteur, kale kasanduku ka kuandika, kako kwangu bado. Hakakuandika kitu siku ile?"

Mnaona? Aliuliza swali ambalo lingemwokoa, tena bila hasira. Ushahidi ulikuwa kwenye begi langu, begani.

Nikamwambia, "Bado nachambua data, mzee."

"Sawa. Ukimaliza utaniambia."

Akaniachia mkono.

Nimeandika sentensi hiyo ya "bado nachambua" mara tatu hapa na kuifuta. Naiacha. Lile neno la kwanza ningeweza kulipa jina la uoga wa ghafla. Hili la pili lilikuwa uongo uliotulia, aliyeambiwa ananiamini, na ameshika mkono wangu.

Umeme ukarudi. Siku ya tatu taa zikaanza tena kuwa rangi ya chungwa. Safari hii waliwahi kuzima kabla transfoma haijafa. Simu yangu ikalia, ni Shabani.

"Docteur, mzee hayumo tena. Mashine yake haimo. Na courant imeanguka vilevile. Sasa ni nani?"

Ndipo nikaenda. Nataka mlielewe hili vizuri, msije wengine mkanipa sifa: sikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na mtu wa kumsingizia.

Walikusanyika kwa Shabani. Nikawaambia yote. Niliweka laptop juu ya meza ya chuma, nikawaonyesha mistari minane inapanda na mmoja umelala. Nikawaambia vile visanduku ndivyo vilivyoangusha umeme. Nikawaambia nilijua tangu siku ile ile.

Kisha Shabani akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"We mutoto wa Buyenzi. Ungekuwa mugeni, ningesema hukujua."

Nikauliza Mzee Rajabu yuko wapi nimwombe radhi. Mmoja akanyoosha mkono kuelekea karakana ya mwisho.

Nikamkuta kwenye karakana yake. Amekaa kwenye kigoda, na pale ilipokuwa mashine kuna alama tu ya mraba sakafuni, sehemu ambayo saruji haikupata moshi. Alikuwa ameifumua. Ule waya aliousuka mzunguko kwa mzunguko aliufumua mzunguko kwa mzunguko, akauuza kama shaba. Wiki moja kabla sijaja.

Nilimweleza akiwa amekaa, mimi nimechuchumaa. Aliniacha nimalize. Akauliza kitu kimoja tu:

"Kwa hiyo kaliandika?"

"Kaliandika, mzee."

"Kaliandika kwamba sikuwasha."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Haina neno, mwanangu."

Nimetukanwa maishani, nimefukuzwa kazi mara moja, nimezomewa kwenye ukumbi wa mkutano. Hakuna kilichoniunguza kama "haina neno" ile.

Wakuu, uzi unakaribia mwisho.

Visanduku sita niliviondoa. Viwili vimebaki kwa makubaliano yao wenyewe. Nyundo zimerudi. Ukipita avenue ile asubuhi utazisikia, mbili, halafu moja. Shabani amemwambia mzee aje kwake atumie mashine yake yeye Shabani kila alasiri, na mzee huja, anafanya kazi ndogo ndogo. Nilijitolea nimtafutie waya asuke nyingine. Alinionyesha vidole vyake, namna visivyokunjika tena, akabadilisha mazungumzo.

Maprofesa niliwaandikia kwamba nafuta matokeo yale, na kwa nini. Mmoja akajibu kwamba sehemu ya nyundo ndiyo ya maana kuliko zote, kwamba mafundi walikuwa wamegundua wenyewe njia ya kudhibiti mtandao mzima bila waya wala kompyuta, na niiandike. Nilipaswa kufurahi. Ilinisumbua zaidi, kwa sababu hata dhambi yangu imeanza kunifaa mimi.

Kwa hiyo safari hii nilikwenda kuomba ruhusa kwanza. Nilimwuliza Mzee Rajabu kama naweza kuandika habari za kuomba moto.

Alifikiri kidogo, nyundo ya Shabani mkononi.

"Andika. Lakini andika na ile asubuhi. Kwamba niligonga, nikagonga, na hakuna aliyejibu."

Nimeiandika. Iko ukurasa wa kwanza, kabla ya hesabu yoyote.

Nilichojifunza, hasa nyie vijana mnaosomea sayansi, na nawapenda kwa dhati ndiyo maana nasema: ukikuta watu wanafanya kitu ambacho kwenye jedwali lako kinaonekana ni kupoteza muda, kaa nao kwanza. Waulize kinashikilia nini. Na "inawezekana" ni neno zuri pale tu usipojua. Ukishajua, halina tena kazi ya tahadhari. Ni mahali pa kujificha.

Makosa ya modeli yanasahihishika, wala msiogope kukosea, mimi bado nakosea kila wiki. Kilichoniharibia ni zile siku nilizokaa na mstari wa sifuri kwenye begi.

Sasa nawaachia uwanja. Mwenye kunisema aniseme, nimeshajiandaa. Lakini kama yupo humu aliyewahi kumwomba radhi mtu aliyejibu "haina neno", aniambie alifanya nini baada ya pale. Mimi huwa nakwenda kwa Shabani Jumamosi alasiri, nakaa kwenye kigoda cha pili, namsikiliza mzee anavyogonga. Wenzake wanamjibu. Zaidi ya hapo sijui.